Mwendo wa Taa: Majibu kwa Wanaopanda Pikipiki Usiku

Kwa miaka 14 kazi yangu ilikuwa kupeleka damu na dawa kwa pikipiki kutoka hospitali moja hadi nyingine, na safari nyingi zilikuwa za usiku, maana mgonjwa anayetokwa na damu hasubiri kukuche. Siku hizi nafundisha wanaoanza. Toleo lililopita niliwaomba mniletee maswali ya usiku tu. Mmeyaleta kwa wingi, nami nimechukua yale yaliyojirudia. Barua nimezifupisha kidogo, waandishi wake wanisamehe.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, huu ni mwaka wangu wa pili kwenye pikipiki. Mchana naenda 80 kwa saa kwenye lami na sijawahi kupata tatizo. Usiku barabara ile ile huwa tupu, kwa hiyo naenda 80 vilevile. Baba ananigombeza kila siku. Kama barabara ni tupu na naijua shimo kwa shimo, kosa langu liko wapi?*
— Kijana wa Lami

Marahaba, mwanangu. Baba yako ana haki. Ila neno "punguza mwendo" kijana hulisikia mpaka likaisha makali, basi mimi nitakupa hesabu uifanye mwenyewe.

Ukiwa kwenye 80, kila sekunde unapita mita 22. Jicho likishaona kitu mbele, hata mtu aliye macho kabisa huchukua kama sekunde moja na nusu mpaka mkono na mguu viwe vimeshika breki sawasawa. Hapo umeshakula mita 33 na pikipiki haijaanza kupungua. Ongeza mita 41 za breki, tena breki nzima, tairi zima, lami kavu. Jumla mita 74. Sasa njoo kwenye taa. Dimu, yaani taa ya chini, ya pikipiki nyingi humwonyesha mpandaji mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa mita 40 au 50, ikiwa nzuri sana 60. Toa mwenyewe. Kile kitu utakifikia ukiwa bado umeshika breki.

Shuka hadi 60: mita 25 za kushtuka, 23 za breki, jumla 48. Shuka hadi 40: 17 na 10, jumla 27. Tazama hapo kwenye breki. Kutoka 40 hadi 80 mwendo umekuwa mara mbili, lakini mita za breki zimekuwa mara nne. Kwa hiyo "nimezidisha kidogo tu" ni maneno ya kwenye mshale wa mwendo. Kwenye lami hakuna kidogo.

Unaniambia barabara ni tupu. Usiku mmoja nilikuwa na kisanduku cha damu mgongoni, mvua imekatika muda si mrefu, niko kwenye 70 katika mnyoofu niliokuwa nimeupita mara zisizohesabika. Kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa harufu ya dizeli. Sikuona chochote, lakini mkono ulilegeza mafuta wenyewe. Kisha nikaona kwamba ule mstari mweupe wa ukingoni, uliokuwa ukikimbia mbele yangu, umekatika. Haukufifia, ulikatika kama uzi uliopitiwa na wembe. Kilichoukata kilikuwa lori bovu lililoachwa njiani bila taa wala pembetatu, na reflekta zake zote za nyuma zimezikwa na tope. Nilisimama tairi ya mbele ikiwa chini ya bodi lake na ukingo wa chuma ukiwa usawa wa kidevu changu. Nikazima injini. Nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye turubai, moja moja, na moyo wangu ukiyapita kwa mbio.

Mwanangu, barabara ile niliijua. Lori lile sikulijua. Unachokijua wewe ni kona na mashimo. Aliyelala njiani usiku huo, mnyama aliyekatiza, gari lililozimika, hao hawajawahi kuwa sehemu ya barabara unayoijua.

Tangu siku ile nawafundisha wanafunzi wangu jambo moja ambalo mwanzoni huliona la ajabu: usiku usitafute kitu tu, tafuta pia kinachopotea. Mstari ukikatika, taa ya nyumba ya mbali ikizimika ghafla kisha ikawaka, reflekta za pembeni zikiruka moja, jua kuna kitu kimesimama kati yako na hivyo. Hukioni chenyewe, unaona kwamba kimefunika kingine.

Na sasa kipimo cha kufanya wiki hii. Tafuta uwanja au njia isiyopitwa na magari, simamisha pikipiki, washa dimu, keti kama unavyoketi ukiendesha. Mpe mwenzako koti jeusi alishike mbele yake, aanze kutembea kwenda mbali huku akihesabu hatua. Pale koti linapoyeyuka, mwambie asimame. Hatua hizo ndizo mali yako yote usiku huo. Watu wengi huniambia walidhani wanaona mbali maradufu, kwa sababu siku zote walikuwa wakitazama mistari na vibao, vitu vilivyotengenezwa ili ving'ae. Mtu hang'ai.

Ukiwa safarini huwezi kupima hatua, basi hesabu. Kitu kikiingia tu kwenye ukingo wa mwanga wako, jiwe, ufa, alama yoyote isiyong'aa, anza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, elfu moja na nne. Ukikifikia kabla ya kumaliza nne, umeipita taa yako. Legeza mafuta mpaka nne zitimie. Mimi bado nahesabu hadi leo.

Fulu, yaani taa ya juu inayomulika mbali, itumie kila mbele yako kunapokuwa hakuna mtu. Wengi huisahau wakatembea na dimu porini usiku kucha. Lakini usiiamini kwenye kona. Taa ya pikipiki hutazama mbele ya gurudumu, na ukilala kwenye kona mwanga hulala nawe, ukiuacha upande wa ndani wa kona gizani, pale pale unapoelekea. Kona ya usiku unaingia nayo polepole kwa sababu hiyo.

*Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nina miaka 61. Zamani niliendesha usiku bila shida. Sasa gari likija na fulu sioni kitu kabisa, na likishapita nabaki kama niliyefungwa kitambaa. Wengine huniwashia makusudi. Nami nawajibu kwa fulu yangu, lakini haisaidii.*
— Mzee wa Safari

Shikamoo, kaka yangu. Nianze na hilo la kujibu fulu kwa fulu. Acha kabisa, nakuomba. Yeye akipofuka na wewe umepofuka, hapo barabarani hakuna hata jicho moja, na mwenye chuma kidogo ni wewe.

Wakati taa ziko mbali bado, legeza mafuta. Usisubiri zikuumize ndipo upunguze. Kisha hamisha macho uyaweke kwenye mstari au ukingo wa barabara upande wako, mbali na lile gari, na uufuate huo kama kamba. Taa zenyewe usizitazame hata kwa udadisi, maana pikipiki huenda macho yanakoenda. Mtu akiikodolea taa macho huishia kuisogelea. Na likishapita, usifungue mafuta mara moja. Pale nyuma ya gari linalokuja ndipo huwa na giza zito kuliko kwingine kote, na ndipo anaposubiri anayetaka kuvuka.

Sasa jicho lenyewe. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili. Za kwanza zinahitaji mwanga mwingi, ndizo zinazotupa rangi na maandishi. Za pili hufanya kazi gizani, hazijui rangi, na huchelewa kuamka: ukitoka kwenye chumba chenye taa kali, zinahitaji dakika 20 hadi 30, hata zaidi, ndipo ziwe na nguvu zake zote. Fulu moja ya sekunde mbili inazirudisha nyuma. Ndiyo maana nasema mtu asitoke sebuleni kwenye taa, akatazama simu, akapanda pikipiki na kuondoka papo hapo. Keti nje kidogo. Funga helmeti gizani, kagua tairi, acha macho yazoee. Na ile taa ya dashibodi, kama yako inapunguzika, ipunguze mpaka uisome kwa taabu kidogo.

Jambo jingine ambalo wapanda pikipiki wa zamani tulilijua kwa mazoea kabla hatujaambiwa sababu yake: zile seli za giza hazipo katikati kabisa ya jicho, zimezunguka pembeni. Kitu hafifu ukikikazia macho hupotea. Ukitazama kando yake kidogo, kinajitokeza. Jaribu kwa nyota ndogo utaona.

Lakini kaka, kwa umri wetu kuna zaidi. Mboni ya mtu mzima haifunguki tena kama ya kijana, na lenzi huanza kuwa na ukungu. Inakadiriwa kwamba jicho la miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaolifikia jicho la miaka 20. Hilo ni la kila mtu, wala si ugonjwa. Ila wewe unasema unabaki kama uliyefungwa kitambaa. Je, taa unaziona zikiwa na duara la mng'ao kuzizunguka? Mchana jua linakusumbua kuliko zamani? Kama ndivyo, nenda ukapimwe mtoto wa jicho. Hutibika kwa upasuaji mfupi, na nimewaona watu wakirudi barabarani wakishangaa walikuwa wakiona nini kabla. Usiende kwa mchuuzi wa miwani anayepita na boksi. Nenda kwa mtaalamu wa macho. Na mpaka umepimwa, tafadhali usiku acha pikipiki nyumbani.

*Mwalimu, taa yangu ya mbele ni hafifu kama kibatari. Fundi mmoja ameniambia nitoe balbu niweke ya LED kali, mwingine anasema nizidishe wati. Nimfuate nani?*
— Mwenye Kibatari

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi na kipande cha msasa.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na kilio kama chako, na ameshabadilisha balbu tatu. Tulifungua nyuma ya taa tukaufuata ule waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye fremu kwa skrubu. Ilipoachia, chini yake palikuwa na unga wa kijani kama ukoga, na nusu ya nyuzi za waya zimeshakatika. Tukakata ncha, tukamenya upya, tukasugua fremu kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukapaka grisi kidogo, tukakaza. Alipowasha, ukuta uliokuwa na doa la njano ukawa mweupe. Balbu ilikuwa ile ile.

Sababu ni hii. Balbu ya halojeni, ile yenye uzi mwembamba unaowaka ndani, ni mlafi wa volti. Ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa asilimia 10, unapungua kwa karibu theluthi. Kutu kwenye soketi, swichi iliyochakaa, waya wa hasi uliolegea, kila kimoja kinamega kidogo, na ukijumlisha unabaki na kibatari chako. Ukiwa na kipimo cha volti, pima kwenye betri injini ikiwaka, kisha pima kwenye soketi ya balbu taa ikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali inaliwa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa haipati umeme wa betri, inapata moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, ndiyo maana hufifia ukiwa silensa, yaani injini ikizunguka bila kufungua mafuta, na kung'aa ukifungua mafuta. Hizo pima injini ikizunguka mwendo wa kawaida.

Safisha pia kile kioo cha taa, nje na ndani. Na kama sahani ya ndani inayorudisha mwanga imebabuka, hakuna balbu itakayokusaidia. Badilisha taa nzima.

Kuhusu wale mafundi wawili. Kuzidisha wati kunapika soketi na waya, nimeona plastiki iliyoyeyuka. LED nayo si mbaya ikiwa taa nzima ilitengenezwa kwa LED. Ubaya ni kuichomeka kwenye taa ya halojeni. Ile sahani ilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu. Ukiweka kitu cha umbo jingine, mwanga unatawanyika. Wewe utaona weupe mwingi karibu na gurudumu ufurahi, lakini mbali hufiki, na anayekuja unamchoma macho. Huyo anayechomwa ndiye Mzee wa Safari wa barua iliyotangulia.

Kisha elekeza taa. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, sakafu iwe sawa, wewe umeketi juu. Weka alama ukutani kwa urefu ule ule wa katikati ya taa yako. Ukingo wa juu wa dimu uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 10 hadi 15. Fanya hivyo ukiwa na mzigo unaobeba siku zote, kwa sababu abiria au mzigo hulaza nyuma na kuinua taa, na hapo dimu yako inakuwa fulu kwa wenzako bila wewe kujua.

*Nauliza kuhusu miwani ya njano ya usiku. Inasaidia?*
— Mtaka Miwani

Hapana. Mwaka 2019 jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha utafiti uliojaribu miwani hiyo kwa madereva kwenye kifaa cha kuigiza udereva, na haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu usiku, hata taa za mbele zilipowamulika. Lenzi ya rangi yoyote inakata mwanga, na usiku mwanga ndio unaoutafuta. Vivyo hivyo kioo cha helmeti cheusi: ni cha jua, usiku kibadilishe.

Fedha ya miwani nunulia kioo kipya cha helmeti. Mikwaruzo ambayo mchana huioni, usiku kila mmoja unashika taa ya gari na kuutawanya kama utando wa buibui. Na wadudu waliogandia usiwasugue vikavu. Lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya kioo dakika tano, watatoka wenyewe.

*Mwalimu, navaa vesti ya kijani kali lakini bado magari yananikatizia kwenye njia panda. Juzi dereva aliniambia usoni, "Sikukuona." Nilikuwa na taa na vesti! Nifanye nini zaidi?*
— Binti wa Vesti

Pole sana, binti yangu, na namshukuru Mungu umeweza kuniandikia. Dereva yule huenda hakudanganya.

Rangi ile kali inapata ukali wake kutoka kwenye mwanga wa mchana, hasa ile miale ya jua tusiyoiona kwa macho. Jua likizama, vesti ni nguo tu. Kinachokuokoa usiku ni ile mikanda ya kijivu. Ndani yake kuna chembe ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Umeona sasa tatizo la njia panda? Mikanda inang'aa kwa yule tu ambaye taa zake zinakupiga. Gari lililosimama kwenye barabara ya pembeni linamulika mbele yake, halikumuliki wewe unayekuja kutoka ubavuni. Kwake wewe ni nukta moja ya mwanga. Nukta moja haisemi iko mbali au karibu, inakuja mbio au polepole. Gari lina taa mbili, na jinsi zinavyoachana ndivyo jicho linavyokisia umbali. Wewe huna hiyo.

Kwa hiyo kwenye njia panda fanya mambo mawili. Kwanza, vidole viwe tayari kwenye breki na mafuta yamelegea kabla hujafika, hata kama njia ni yako. Pili, ukiwa bado mbali kidogo, sogea polepole kutoka upande mmoja wa njia yako hadi mwingine, kisha urudi. Taa inayosogea kando mbele ya mandhari iliyotulia hulivuta jicho. Taa inayokuja moja kwa moja huonekana kama imesimama.

Kwa walio nyuma yako na wanaokuja mbele, ongeza mikanda kwenye vifundo vya miguu, kwenye viganja na nyuma ya helmeti. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Johansson, alionyesha jambo zuri sana. Aliweka vitone vinavyong'aa kwenye viungo vya watu, mabega, viwiko, magoti, vifundo, akawapiga filamu gizani. Vitone vikitulia, watazamaji hawakujua ni nini. Mtu akitembea, walimtambua mara moja kuwa ni binadamu. Siku pikipiki itakapokuharibikia ukatembea ukiisukuma, vifundo vyako viwili vinavyopanda na kushuka vitamwambia dereva "mtu" kabla vesti haijasema lolote. Hii haigharimu zaidi ya kipande cha mkanda na uzi, nami nashonea wanafunzi wangu wote kwa mkono wangu.

Na geuza mambo: wewe nawe ukiona taa moja inakuja, usidhani ni pikipiki. Huenda ni gari lililokufa taa, na hujui upande gani umekufa. Mpe nafasi ya gari zima.

*Dada, mimi ni muuguzi. Zamu yangu huisha saa kumi alfajiri na nyumbani ni mwendo wa dakika 40 kwa pikipiki. Wiki iliyopita nilifika nyumbani nikagundua sikumbuki kabisa nilivyopita daraja. Upepo huwa unanichangamsha, naimba, nafungua kioo. Je, inatosha?*
— Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, barua yako niliisoma mara mbili nikaiweka kando, kisha nikairudia. Haitoshi. Ulilala kwenye daraja.

Usingizi wa namna hiyo huja kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi mara nyingine, na mwenyewe hana habari. Kwenye 80, sekunde tatu ni mita 67. Mikono inabaki kwenye hendeli, pikipiki inanyooka yenyewe kwa sababu magurudumu yake hupenda kunyooka, na ukiwa na bahati barabara nayo imenyooka. Saa unazosafiri ndizo mbaya kuliko zote: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili unashusha joto lake na kudai usingizi hata kwa aliyelala mchana. Mwaka 1997 Dawson na Reid waliandika katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukitoka zamu, jiulize uliamka saa ngapi.

Upepo na nyimbo vinakupa dakika chache tu. Tena upepo una deni lake: hewa ya nyuzi 10, ukiwa kwenye 80, ngozi inaihisi kama nyuzi 4 hivi. Vidole vinakufa ganzi, mwili unajikunja, na mwili uliochoka na kupoa hulegea haraka zaidi.

Fanya hivi. Zamu ikiisha, kunywa kahawa, kisha lala hapo hapo kazini dakika 15 hadi 20, na kengele ya simu iwe imewekwa. Kahawa inahitaji karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka nayo inaanza kupanda. Usilale saa nzima, utaamka umelewa usingizi. Ukiamka tembea, nawa uso, subiri kichwa kitulie ndipo upande. Kama zamu ilikuwa nzito sana, subiri jua. Na ukiwa njiani ukishtuka hukumbuki kona iliyopita, simama. Usiseme "nimebakisha kidogo." Nilimpoteza mwenzangu wa kazi aliyekuwa amebakisha kidogo, tulibadilishana zamu jioni ile, akacheka akaniambia atanirudishia wiki ijayo. Zungumza na msimamizi wako kuhusu mahali pa kupumzika. Unawahudumia watu usiku kucha, kuomba kitanda kwa dakika 20 si kuomba makubwa.

*Mwalimu, taa ilinizimikia ghafla nikiwa kwenye kona, giza totoro. Nilivamia breki nikaanguka. Ningefanyaje?*
— Aliyeanguka

Pole, na natumaini mkono umepona.

Taa ikizima, kidole gumba kiende kwenye swichi ya fulu kabla ya kitu kingine. Kwenye balbu nyingi za halojeni dimu na fulu ni nyuzi mbili tofauti, moja ikikatika nyingine huwa nzima. Lizoeze dole gumba mchana mpaka lijue njia bila macho. Isipowaka, usikamate breki kwa nguvu ukiwa bado umelala kwenye kona. Legeza mafuta, shika breki taratibu huku ukiinyanyua pikipiki, endeleza ile picha ya kona uliyoiona mara ya mwisho, na washa indiketa: zile za upande mmoja tu zinakupa ukingo wa barabara kila zinapowaka. Indiketa nazo zikiwa zimekufa, umepoteza umeme wote, mara nyingi ni fyuzi kuu au kichwa cha betri kilicholegea.

Toka kabisa nje ya lami. Usitengeneze pikipiki ikiwa ukingoni na wewe umechutama nyuma yake, maana umeifunika taa ya nyuma kwa mgongo wako. Isogeze mbali, kisha fungua mfuko. Ndani yake nataka muwe na tochi ya kuvaa kichwani, fyuzi mbili, bisibisi na balbu moja ya akiba iliyoviringishwa kwenye soksi. Balbu ya halojeni usiiguse kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki pale, yakipata joto kioo hupasuka au balbu hufa mapema. Ishike kwa hiyo hiyo soksi.